Mifupa Chini ya Msingi wa Nyumba



Yeyote aliyewahi kushika zamu katika Bandari ya Bujumbura ameona mifuko ya saruji ikiteremshwa kutoka katika meli zilizopakia Mpulungu, nchini Zambia. Saruji hiyo haikai bandarini. Hupakiwa katika malori ikaelekea vitongoji vinavyozidi kuikwea milima iliyo juu ya mji, na huko kila nyumba huanza kwa jambo moja, yaani kuchimba msingi. Mara nyingine sururu hugonga kitu kisicho jiwe. Kazi husimama, watu hukusanyika, naye aitwaye kwanza si mtaalamu wa mambo ya kale bali ni askari.

Uzito wa jambo hili twaweza kuupima kwa kaburi moja la jirani zetu. Mwaka 2010, wataalamu John Giblin, Anna Clement na Jane Humphris walitoa habari za kaburi la Kabusanze, wilayani Huye, kusini mwa Rwanda. Humo walizikwa mtu mzima na mtoto mchanga, yapata mwaka 400 baada ya Kristo. Walizikwa pamoja na mapambo ya chuma na vyungu vya namna ya Urewe, namna iliyopewa jina la mahali palipo Siaya, nchini Kenya. Mwaka 2011 Giblin na mwenzake Dorian Fuller wakaeleza pia mbegu zilizoungua ambazo zilitoka katika udongo wa hapo: mtama na uwele. Mbegu kama hizo hazionekani kwa macho ya mpita njia. Hapana budi udongo utiwe katika maji na kuchekechwa. Mchimba msingi angezitupa pamoja na kifusi, wala hapana ambaye angemlaumu.

Tazameni basi habari zilizokuwamo katika punje hizo. Mahindi, mihogo na maharagwe tunayokula leo asili yake ni Amerika, nayo hayakuvuka bahari ila baada ya mwaka 1492. Mkulima wa Kabusanze hakuyajua. Mlima ni uleule, lakini shamba lilikuwa jingine kabisa. Wala habari hizi si za Rwanda peke yake. Mwaka 1983 Marie-Claude Van Grunderbeek, Emile Roche na Hugues Doutrelepont walichapisha uchunguzi wao juu ya wafua chuma wa kwanza wa Rwanda na Burundi kwa pamoja, kwani mpaka tuujuao haukuwapo zama hizo.

Lakini hapa Burundi mfupa ukionekana, swali la kwanza haliwi la miaka elfu. Mwezi wa Januari 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza kufukua makaburi ya halaiki katika mkoa wa Karuzi, karibu na mto Ruvubu, na mwezi uliofuata ikatangaza kwamba imepata mabaki ya watu 6,032 pamoja na maelfu ya risasi. Nguo, miwani na rozari vilisaidia kuwatambua baadhi ya marehemu. Tangu mwaka 1972 ziko jamaa zilizokuwa zikingoja kujua mtu wao alilazwa wapi. Askari akiyadhania mabaki ya namna hiyo kuwa ya kale, akaruhusu yazolewe, amewanyang'anya watu hao maiti yao mara ya pili. Naye akiyadhania ya kale kuwa ya juzi, akayatia katika gunia ili yazikwe upya kwa haraka, amefuta shamba na kaburi la mwaka 400 kwa alasiri moja.

Kwa mfupa mtupu ulioshikwa mkononi, hata daktari huona shida kusema umri wake. Kinachojibu ni vitu vilivyolala karibu nao, na jinsi vilivyolala: kifungo cha shati au bangili ya chuma, ganda la risasi au kigae cha chungu. Kwa hiyo, kabla haijajulikana ni maiti wa zama zipi, amri ni moja kwa hali zote mbili: sururu ziwekwe chini, kamba izungushwe, hata ushanga mmoja usiokotwe. Najua si amri rahisi kwa askari, ambao wamechimba mahandaki mengi kuliko watu wote na huona shimo ni shimo tu.

Babu zetu nao walikuwa na namna yao. Makaburi ya wafalme katika Nkiko-Mugamba yaliwekewa walinzi, na ardhi yake haikulimwa. Miti ikaachwa ikue.

Kiwanja cha mjini hakiwezi kuachwa hivyo. Mwenye nyumba huenda amekopa fedha, mafundi wake wamekaa bure, na mvua yaja. Si haki kumwambia angoje tu. Aelezwe siku iyo hiyo ni nani atakayekuja kuchunguza na atafika lini, maana saruji iliyokwisha kupata unyevu huganda ndani ya mfuko wake.