Mnyororo wa Utunzaji: Simu Hii Ilikuwa kwa Nani?

Simu imekamatwa saa nne usiku. Askari ameijaza kwenye hati ya ukamataji mali, mwenye nyumba ametia saini, na mwenyekiti wa mtaa naye ametia yake kama shahidi huru. Lakini simu bado inawaka. Ikiwa ndani ya gari la polisi inaendelea kupokea ujumbe, na mwenye nenosiri la akaunti aliye mbali anaweza hata kuifuta yote. Itakapofikishwa mahakamani, wakili wa utetezi ataanza na swali hili: tangu usiku ule hadi leo, simu hii ilikuwa kwa nani, na ilifanywa nini?

Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Mahakama ya Rufani ya Tanzania, katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007, iliueleza kuwa ni kumbukumbu za maandishi zinazofuatana kwa wakati, zikionyesha kielelezo kilivyokamatwa, kilivyotunzwa, kilivyokabidhiwa, kilivyochunguzwa na hatima yake.

Wengine husema mnyororo wa uhifadhi, wengine wa ulinzi. Mimi nasimama na utunzaji. Kuhifadhi hata kabati huhifadhi, na mlinzi kazi yake ni kumzuia mwizi. Kutunza kunamtaka mtu wa kuulizwa. Ndiyo maana polisi kuna mtunza vielelezo, mwenye jina na cheo, anayeandika kwenye rejesta kitu kinapoingia na kinapotoka. Kielelezo kwake ni amana, na amana ina mwenye kuijibia.

Hukumu za baadaye zimelegeza kamba kidogo kwa vitu visivyochezewa kirahisi. Pikipiki yenye namba ya injini haigeuki nyingine kwa kulala kituoni usiku mmoja bila saini. Data haiko hivyo. Ukiwasha tu kompyuta, mafaili kadhaa hubadilika tarehe na saa. Kwa hiyo mchunguzi makini kwanza huitenga simu na mtandao, kwa mfano kwa kuitia kwenye mfuko usiopitisha mawimbi. Kisha hutoa nakala ya data, na uchunguzi wake huufanya kwenye nakala hiyo.

Hapo ndipo inapoingia heshi, hesabu inayolipatia faili alama yake. Heshi ya aina ya SHA-256 huandikwa kwa tarakimu na herufi 64. Faili lisiloguswa litatoa 64 zilezile leo na mwakani. Ondoa koma moja, na mfuatano mzima unabadilika. Heshi ikiandikwa kwenye kumbukumbu siku ya kwanza, mtaalamu wa upande wa utetezi anaweza kuipiga hesabu upya na kulinganisha.

Hata hivyo, mnyororo usibebeshwe mzigo usio wake. Unaonyesha kwamba data iliyoletwa ndiyo iliyokamatwa. Hausemi ni nani aliyeandika ujumbe, wala haudhamini programu iliyousoma. Mwaka 2019 nchini Denmark, programu iliyokuwa ikigeuza data ghafi za kampuni za simu kwa matumizi ya polisi iligundulika kuwa ikidondosha baadhi ya taarifa. Matumizi ya data hizo mahakamani yalisimamishwa kwa miezi miwili, kesi zipatazo 10,700 zikaagizwa zipitiwe upya, na mahabusu 32 wakaachiwa. Rejesta nzuri na heshi sahihi visingeliona kosa la namna hiyo. Dhidi ya makosa ya aina hiyo, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi huu, iangalie jinsi data ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyosafirishwa kama ni ya kuaminika.

Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania. Istilahi basi haipimwi tena kwa masikio ya mawakili peke yao. Washtakiwa wengi husimama kizimbani bila wakili, na uhuru wao unaweza kutegemea picha ya ujumbe mmoja wa simu. Mshtakiwa wa namna hiyo akisikia neno "utunzaji", anajua kwamba kuna mtunzaji, na anaweza kuuliza kwa kinywa chake mwenyewe: "Mheshimiwa, simu yangu ilichukuliwa Jumanne, ikaandikwa kwenye rejesta Ijumaa. Siku tatu hizo aliitunza nani?"