Mbozi na Mwenzo: Walimu Waliotangulia Vyeo

Abiria wa basi la Mbeya kwenda Tunduma akishavuka Mlowo na Vwawa huanza kuwaza foleni ya malori mpakani. Ni wachache wanaojua kwamba Mbozi Mission upande huu na Mwenzo upande wa Zambia ni miongoni mwa mahali Waafrika wa ukanda huu walikojifunza kuendesha taasisi zisizo za serikali wala za biashara. Sheria yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali ni ya mwaka 2002. Kazi yenyewe imeizidi umri kwa karibu karne nzima.

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891. Miaka minane baadaye Mjerumani Traugott Bachmann akafungua kituo Mbozi, kwa Wanyiha. Alikuwa mtu wa ubishi. Alishikilia kwamba mila ya Mnyiha isitupwe kwa sababu tu haikutoka Ulaya, na kwamba mwenye wake wengi asilazimishwe kuwafukuza ndipo abatizwe. Msimamo huo uliwakera wenzake wengi. Mwaka 1913 Agano Jipya lilichapishwa kwa Kinyiha, na kazi ya namna hiyo mgeni haiwezi peke yake: lazima wawepo wenye lugha yao wa kumsahihisha, kumbishia na kumkataza. Majina yao hayamo kwenye jalada.

Basi hao ndio viongozi ninaowazungumzia. Misheni ilisimama juu ya walimu wa vijijini, waliofundisha kusoma na kuhesabu siku za kazi na kuongoza ibada Jumapili, huku mzungu akipita kwa nadra. Wazee wa kanisa walisuluhisha kesi za ndoa, za deni na za uchawi. Cheo hawakuwa nacho, na mshahara ulikuwa mdogo. Mmoja wa walimu wa enzi hizo, Msaturwa Mwachitete, alibahatika: masimulizi ya maisha yake yalichapishwa London mwaka 1932. Wengine wamebaki kwenye kumbukumbu za koo zao tu.

Ikaja vita. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Nyanda za Juu Kusini, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Bachmann hakurudi tena Mbozi. Hadi katikati ya miaka ya 1920 vituo vya Moravian viliangaliwa na Waskoti wa misheni ya Livingstonia, ambao walikuwa wachache na tayari walikuwa na vituo vyao vya kuhangaikia. Atakayeuliza ni nani aliyefungua mlango wa kanisa Jumapili, aliyezika na kufundisha watoto katika miaka hiyo ya njaa na upagazi, jibu ni moja: walimu na wazee wale wale. Hakuna baraza lililokaa Herrnhut, makao ya Wamoravian Ujerumani, likaamua kwamba sasa Waafrika wameiva. Uongozi waliupata kwa sababu mwenye ofisi alikamatwa.

Ng'ambo ya mpaka mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mwenzo ilikuwa misheni ya Waskoti kwa Wanamwanga, watu ambao mpaka wa wakoloni umewagawa kati ya Tunduma na Nakonde. Mwaka 1912 walimu wa pale, akiwemo Donald Siwale, walianzisha jumuiya yao wenyewe ya ustawi. Baada ya vita, mwaka 1923, ikafufuliwa, na David Kaunda akiwa miongoni mwa viongozi wake. Jumuiya haikudai uhuru. Ilijadili kodi ya kichwa na shida za wanakijiji, ikapeleka hoja kwa maandishi kwa wakubwa wa boma, kwa lugha ya adabu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ilikuwa imekufa, lakini mfano wake ulibaki: jumuiya za ustawi zilienea Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na mwaka 1948 shirikisho lao likageuka chama cha siasa. Kenneth, mtoto wa David Kaunda, ndiye rais aliyejenga TAZARA pamoja na Mwalimu Nyerere, reli inayopita Tunduma na Nakonde.

Kanisa la Moravian lenyewe lilikuwa na mfano wa zamani zaidi wa uongozi wa wasio Wazungu. Katika kisiwa cha St. Thomas, huko Karibi, Rebecca Protten, mwanamke aliyezaliwa utumwani mwaka 1718, aliwahubiria watumwa usiku baada ya kazi, na mwaka 1746 akatawazwa kuwa shemasi Ujerumani. Kanisa hilo hilo lilimiliki shamba lenye watumwa kisiwani humo. Ndiyo maana nasitasita kila nisikiapo kwamba taasisi fulani imekuwa na watu wa rangi zote tangu mwanzo. Kuwemo ni jambo moja, kuamua ni jingine.

Baada ya Vita vya Pili na hasa baada ya Uhuru, vyeo navyo vikafuata. Teofilo Kisanji wa jimbo la magharibi alikuwa askofu wa kwanza Mtanzania wa Moravian, na chuo kikuu cha kanisa hilo Mbeya kina jina lake. Leo Tanzania ina Wamoravian wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Pigo lilikuja kutoka upande usiotarajiwa: mwaka 1969 serikali ilitaifisha shule za misheni. Mimi sina ugomvi na nia yake, maana mtoto wa Mwislamu na wa asiye na dini naye alistahili dawati. Lakini kanisa lilipoteza kitalu chake cha viongozi, na mwalimu akawa mtumishi wa serikali.

Kilichobaki mkononi ni hospitali na miradi, na hiyo hula fedha. Anayeandika ripoti kwa mfadhili wa Ulaya anaweza kuwa Mnyiha au Mnyakyusa mwenye shahada mbili. Bajeti bado inasubiri saini ya mbali. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo kazi ya walimu wa 1916 haijamalizika.

Msomaji wa Igamba, Vwawa au Tunduma ambaye babu au bibi yake alifundisha shule ya misheni, andika jina lake, kijiji chake na miaka yake, ukalipeleke kwenye ofisi ya ushirika wako. La Bachmann limeshaandikwa.