Penzi na Uhusiano Katika Maisha ya Binti Salme

Katika mazungumzo ya kila siku watu hutaja penzi na uhusiano kana kwamba ni kitu kimoja. Walakini uhusiano hufungwa kwa damu, ndoa, dini au mapatano; huonekana na walimwengu, na mwenye mamlaka aweza kuukata. Penzi ni hali ya moyo, halina hati wala shahidi. Katika historia ya Unguja yako maisha ya mwanamke mmoja yaonyeshayo tofauti hiyo waziwazi.

Binti Salme, mtoto wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Baba yake alipofariki mwaka 1856, Majid alishika kiti cha enzi Unguja. Mwaka 1859 Barghash alikula njama ya kumwondoa ndugu yake, na Salme, ambaye alijifundisha kuandika kwa siri, akawa mwandishi wa njama hiyo. Njama ilishindwa, Barghash alipelekwa Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake, na baadaye wakapatana. Salme alikuwa na udugu ule ule kwa wote wawili, lakini aliyemsamehe ni yule aliyemkosea.

Kisha Salme akampenda Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa jirani yake mjini. Mwaka 1866, akiwa mja mzito, alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Penzi lilimpa uhusiano mpya na kumnyang’anya wa zamani, maana kwa sheria ya Kiislamu aliyetoka katika dini harithi jamaa zake Waislamu.

Ndoa ile haikudumu. Mwaka 1870 Ruete aliuawa na tramu mjini Hamburg, akaacha mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni. Mwaka huo huo Majid naye alifariki, na Barghash akatawala. Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani kudai urithi wake. Barghash, ambaye alimwandikia barua za njama alipokuwa kijana, alikataa kumwona. Lakini katika kitabu alichotoa mwaka 1886 Salme asimulia kwamba watu wa mji walimlaki njiani kwa furaha. Ndugu wa damu alifunga mlango. Watu wasio na nasaba naye walimpa salamu.

Hata hivyo haifai kudharau uhusiano. Salamu za njiani zilimfariji mjane, lakini hazikuwalisha watoto wake. Urithi aliokuwa akiutaka ulipitia katika uhusiano, nao ulikuwa umekatwa. Penzi lisilo na uhusiano halina nguvu ya kudai haki, na uhusiano usio na penzi hubaki na nguvu ya kunyima tu.

Salme alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Kaburini aliwekewa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliouhifadhi miaka yote. Sultani aliweza kumkatia udugu na mali. Mchanga ule hakuweza kumnyang’anya.