Kava ya Ringi Si Urembo

Ndugu zangu, nina deni. Miezi michache iliyopita niliandika gazetini kuhusu magari ya umeme, nikasema zile kava za plastiki zinazofunika ringi ni urembo tu. Mhariri akapitisha, habari ikatoka. Kesho yake fundi mmoja wa Gerezani akanipigia simu: "Mwandishi, umesoma mpaka chuo kikuu lakini gurudumu hulijui." Niliona aibu. Masahihisho gazetini yalipewa mistari miwili, kwa hiyo mengine nayalipa hapa.

Tuanzie Ufaransa, Aprili 29, 1899. Siku hiyo Mbelgiji Camille Jenatzy aliendesha gari lake, La Jamais Contente, karibu na Paris, akafikisha kilomita 105.88 kwa saa. Kabla yake hakuna gari lililokuwa limevuka 100. Na lilikuwa la umeme! Bodi yake ilichongwa kama torpedo ili ipasue upepo. Lakini itazame picha yake: magurudumu yote manne yako nje, na dereva amekaa juu kama mtu aliyepanda punda. Bodi ilifikiriwa, gurudumu likasahauliwa.

Kwa nini gurudumu ni kero? Gari likienda kilomita 100 kwa saa, sehemu ya juu kabisa ya tairi inakwenda mbele kwa kilomita 200. Nafasi za ringi zinakoroga hewa kama mwiko kwenye uji, na mkorogo huo unalipiwa kwa petroli au kwa betri. Katika gari la kawaida, magurudumu pamoja na matundu yanamokaa huchangia takriban robo ya ukinzani wote wa hewa. Tena ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani unapanda mara nne.

Mafundi walijifunza polepole. Mwaka 1955 Citroën walitoa DS, gari ambalo magurudumu yake ya nyuma yamefunikwa kwa sehemu kubwa na bodi. Mwaka 1996 General Motors wakaja na EV1, gari la umeme lililofunikwa magurudumu ya nyuma pia. Kipimo chake cha ukinzani kilikuwa 0.19, na magari mengi ya leo hayajakifikia. Mwisho wake unauma. Wateja walikodishwa tu, hawakuuziwa. Kampuni ikayarudisha magari yake na mengi yakapondwapondwa, yakabaki machache ya makumbusho. Tesla Model 3 ilipotoka mwaka 2017 ikiwa na kava za ringi, wengi tulizicheka. Mimi nilikuwa mmojawao.

Je, kava hizo zina faida kwetu? Kwenye foleni ya Ubungo, karibu hakuna, maana hapo gari halina mwendo wa kupigana na upepo. Lakini likishaishika barabara ya Morogoro kwa kasi, hesabu inabadilika, na kwa gari la umeme kilomita chache za ziada zinaweza kuamua kama utafika au utalala njiani.

Kinachonikera zaidi ni kwamba maarifa haya hayakuwa siri. Yalikuwepo, yakapondwa pamoja na mabati, kisha sisi waandishi tukayaita urembo. Fundi, nimekusikia. Siku nyingine nitauliza kwanza, ndipo niandike.