Ubora wa maisha ya wanaotunzwa nyumbani: Unapimwaje Kibera na Kawangware?

KATIKA mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, mtu anayehitaji kutunzwa kwa muda mrefu, awe mkongwe, mgonjwa wa kiharusi au mwenye ulemavu, aghalabu hutunzwa na jamaa asiyelipwa, ndani ya chumba kimoja cha mabati au udongo cha futi kumi kwa kumi. Utunzaji wa aina hii si tiba. Haukusudii kumponya mtu bali kumwezesha kuishi: kuoga, kula, kwenda haja, kuonana na wenzake na kuwa na la kusema kuhusu siku yake. Kwa hivyo haufai kupimwa kwa idadi ya waliopona. Kinachopimwa ni ubora wa maisha yenyewe, na hapo ndipo penye kazi.

Kipimo cha kale katika fani hii ni kile cha daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake, kilichochapishwa mwaka wa 1963. Huuliza iwapo mtu anaweza kufanya mambo sita bila kusaidiwa: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja na kujilisha. Ni kipimo chepesi na kingali kinatumika. Lakini vyoo vingi vya Kibera ni vya shimo, hutumiwa na familia nyingi, na njia ya kuvifikia hupita kando ya mitaro ya maji taka. Mama mkongwe anayejimudu vyema kwenye sakafu ya saruji huenda asifike chooni msimu wa masika, na usiku asithubutu kutoka kabisa. Je, asiyejiweza ni yeye au ni mtaa? Kipimo cha Katz hakitofautishi.

Shirika la Afya Duniani lilijaribu kwenda mbali zaidi katika miaka ya tisini. Lilikusanya wataalamu kutoka vituo 15 duniani, kikiwemo cha Harare nchini Zimbabwe, wakaunda hojaji yenye maswali 100 na baadaye fupi yake ya maswali 26, iitwayo WHOQOL-BREF. Maswali hayo yanahusu wiki mbili zilizopita na yamegawanywa katika nyanja nne: mwili, nafsi, mahusiano na mazingira. Jambo la maana zaidi ni msimamo wa shirika hilo kwamba ubora wa maisha ni jinsi mtu mwenyewe anavyoiona hali yake, kwa mizani ya utamaduni wake na matarajio yake. Si jinsi daktari anavyoiona, wala mwanawe.

Hojaji hiyo, hata hivyo, haisemi ni sehemu gani ya maisha hayo inatokana na utunzaji. Pengo hilo lilishughulikiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, waliobuni kipimo kiitwacho ASCOT. Kina nyanja nane: usafi wa mwili, chakula na vinywaji, usalama, usafi wa makao, kujumuika na watu, kuwa na shughuli, uwezo wa kujiamulia mambo ya kila siku, na heshima, yaani jinsi mtu anavyojihisi kutokana na namna anavyosaidiwa. Kila nyanja ina viwango vinne, kuanzia hali anayoitamani mtu hadi upungufu mkubwa.

Ubora wa ASCOT uko katika swali la pili. Baada ya kueleza hali ilivyo sasa, mtu huulizwa ingekuwaje lau msaada anaoupata usingekuwepo. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo faida ya utunzaji. Chukua mfano wa mzee aliyepooza upande mmoja, anayeishi na binti yake Kawangware. Alama zake zinaweza kuwa za chini kuliko za mzee wa makao ya watunzwa huko Uingereza. Lakini bila binti huyo angelala na njaa, na asingenawa. Pengo baina ya hali hizo mbili ni kubwa ajabu, na lote ni jasho la mtu mmoja ambaye kazi yake haimo katika daftari lolote la serikali.

Kuna kikwazo. Nyanja hizo nane hazina uzito sawa katika hesabu ya mwisho. Uzito wake ulitokana na majibu ya Waingereza, nao waliweka uwezo wa kujiamulia mambo juu ya yote. Kuchukua mizani hiyo na kuileta Kibera bila kuwauliza wakazi wa hapa ni sawa na kupima unga kwa futi.

Lugha nayo ina mitego yake. Mwulize mzee “je, unaheshimiwa?” naye atasikia swali kuhusu malezi ya wanawe. Atajibu kwamba anaheshimiwa sana, kwa sababu jibu jingine lingewaaibisha. Hata salamu zetu hutanguliza wema: mtu husema “njema” kwanza, ndipo aeleze kuwa hajalala siku tatu. Muulizaji mwenye haraka ataandika “njema” na kwenda zake. Ni afadhali kuuliza juu ya matendo: nani alikuogesha mara ya mwisho, na je, mlango ulikuwa umefungwa? Aidha, Kiswahili pekee hakitoshi. Kibera kuna wazee wanaosimulia maumivu yao kwa Kinubi au Kijaluo, na Kawangware wapo wanaofanya hivyo kwa Kiluhya au Kikikuyu.

Kuna pia tatizo la waliozoea. Mtu aliyekaa miaka mingi na kidogo hukiita kidogo hicho kinatosha, na alama zake hupanda ilhali hali haijabadilika. Upande wa pili, mgonjwa aliyepoteza kumbukumbu au usemi hujibiwa na jamaa, na tafiti nyingi zimeonyesha kuwa jamaa huyaona maisha ya mgonjwa kuwa mabaya kuliko mgonjwa mwenyewe ayaonavyo. Yote mawili hayana dawa kamili. Dawa nusu ni kumhoji mtunzwa akiwa peke yake, jambo gumu katika chumba ambamo mpishi, mgonjwa na mwanafunzi hugawana futi kumi.

Nairobi si ngeni katika tafiti za aina hii. Kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, APHRC, kimefuatilia wakazi wa Korogocho na Viwandani, mashariki mwa jiji, tangu mwaka wa 2002. Kati ya 2006 na 2007 wakazi wa huko wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliulizwa kuhusu afya na ubora wa maisha yao, na wanawake waliripoti afya duni kuliko wanaume. Kibera, kwa upande wake, imejulikana zaidi kwa takwimu za kukisia. Kwa miaka mingi ilitajwa kuwa na watu milioni moja, hadi sensa ya 2009 ilipohesabu takriban 170,000.

Umri wenyewe hauenei sawa. Wengi hurudi mashambani wakizeeka, na hubakia wasio na shamba. Kwa Wanubi wa Makina, wazao wa askari wa jeshi la kikoloni waliopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, Kibera ndiyo mashambani. Hatimiliki ya ekari 288 waliipata mwaka wa 2017.

Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa hadhi na kupata utunzaji wa kuridhisha kutoka kwa familia na Serikali. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Mpango wa Inua Jamii, uliopanuliwa mwaka wa 2018 kufikia wenye miaka 70 na zaidi, hutoa Sh2,000 kwa mwezi. Taarifa zake hutaja idadi ya wanufaika na fedha zilizotolewa. Ikiwa fedha hizo zilimpatia mkongwe sabuni, au mtu wa kumfikisha chooni, ni suala ambalo hesabu ya malipo haiwezi kulijibu.

Wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliozinduliwa rasmi Septemba 2023, tayari huingia nyumba kwa nyumba. Kuwaongezea maswali manane si gharama kubwa. Kubwa ni kuwapa muda wa kusikiliza, na maswali ya ziada kwa mtunzaji. Hojaji ya Mmarekani Steven Zarit na wenzake, iliyotokana na utafiti wa mwaka wa 1980 na ambayo sasa hutumika ikiwa na maswali 22, huuliza iwapo mtunzaji anahisi kukosa muda wake mwenyewe, iwapo afya yake imedhoofika na iwapo fedha zinamtosha. Kwa msichana aliyeacha shule ya upili ili kumgeuza nyanya yake kitandani kila baada ya saa chache, hojaji hiyo haina swali la masomo. Litabidi liongezwe.