Histeria: Historia ya Jina na Wajibu wa Mfasiri

Yako majina ya maradhi yanayoeleza ugonjwa, na yako yanayomhukumu mgonjwa kabla hajasikilizwa. Histeria ni la kundi la pili. Kwa hiyo mfasiri hana budi kujua lilikotoka.

Asili yake ni neno la Kiyunani hystera, yaani mji wa mimba. Maandiko ya utabibu yanayonasibishwa na Hippocrates yalidai kwamba mji wa mimba huweza kuhama mahali pake na kumziba mwanamke pumzi. Tiba zilizopendekezwa ni pamoja na harufu mbaya puani, ndoa na mimba. Katika karne ya 2 B.K., Soranus wa Efeso alikanusha kwamba kiungo hicho hutembea kama mnyama, akayalaumu matibabu ya namna hiyo. Hata hivyo wazo lenyewe lilidumu kwa karne nyingi.

Mnamo karne ya 19, Jean-Martin Charcot, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, alifundisha kwamba histeria ni maradhi ya mishipa ya fahamu, na kwamba wanaume nao huipata. Kiini kilibadilika, jina likabaki. Na lilipobaki, dhana ya zamani nayo ilibaki. Maumivu ya mwanamke yasiyoeleweka yaliendelea kuhesabiwa kuwa mhemko tu.

Mwaka 1965 daktari Eliot Slater wa London alichapisha habari za wagonjwa 85, wanawake kwa wanaume, waliokuwa wamepewa jina hilo. Wengi wao walikutwa na maradhi halisi ya mwili, na baadhi walikuwa wamekwisha kufa. Alihitimisha kwamba jina hilo huficha kutojua kwa tabibu. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kililiondoa katika mwongozo wake.

Sisi tuna funzo hapa. Katika vitabu vya historia, histeria na ibaki kama ilivyo, pamoja na maelezo. Katika maandishi ya afya ya leo, mfasiri ataje dalili zenyewe: mitukutiko ya mwili, ganzi, kusongwa na pumzi. Kadhalika, mwanamke asemapo zahanatini kuwa ana chango, neno hilo lisiandikwe kuwa "wasiwasi". Aulizwe: panauma wapi, tangu lini, na wakati wa hedhi huwaje? Istilahi njema hufungua swali. Istilahi mbaya hulifunga, na anayeumia ni mgonjwa.