Hans Berger: Daktari aliyegundua mdundo wa ubongo

MTU anapofumba macho na kutulia, ubongo wake haulali. Katika sehemu ya nyuma ya kichwa, upande wa kisogo, huanza mdundo wa umeme unaopanda na kushuka mara 10 hivi kwa kila sekunde. Anapofumbua macho, mdundo huo hufifia papo hapo.

Mtu wa kwanza kuunasa mdundo huo kwa binadamu alikuwa Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani. Ripoti aliyoichapisha mwaka wa 1929 ndiyo msingi wa kipimo cha umeme wa ubongo ambacho hospitalini hujulikana kwa herufi EEG, na ambacho hadi leo huwasaidia madaktari kuwachunguza wagonjwa wa kifafa.

Berger alizaliwa Mei 21, 1873 karibu na mji wa Coburg. Alipoingia chuo kikuu alinuia kuwa mtaalamu wa elimu ya nyota, lakini muda si muda alikatiza masomo hayo na kujiunga na jeshi kwa mwaka mmoja.

Akiwa mazoezini, farasi wake alishtuka na kumbwaga mbele ya gari la kukokota mzinga. Farasi wa gari hilo walizuiwa wakati magurudumu yakiwa karibu kumponda. Jioni ya siku hiyo, Berger alipokea simu ya maandishi kutoka kwa baba yake akiulizwa hali yake. Dada yake alikuwa ameingiwa na hofu ya ghafla kwamba ndugu yake yumo hatarini.

Tangu hapo, Berger aliamini kwamba mawazo yana nguvu inayoweza kutoka kwa mtu mmoja na kumfikia mwingine. Sayansi haijaithibitisha imani hiyo. Hata hivyo, ndiyo iliyomfanya asomee udaktari na kuanza kuitafuta nguvu ya fikira ndani ya ubongo wenyewe.

Alianza kazi katika kliniki ya magonjwa ya akili ya Chuo Kikuu cha Jena mwaka wa 1897, na kufikia 1919 alikuwa mkurugenzi wake. Kwa miaka mingi alipima mwendo wa damu katika ubongo, kisha joto lake, bila kupata alichokitafuta. Hatimaye akageukia umeme.

Jambo hilo halikuwa geni kabisa. Mnamo 1875, daktari Mwingereza Richard Caton wa Liverpool alikuwa amepima umeme dhaifu katika bongo za sungura na nyani. Lililobaki ni kujua kama umeme huo ungeweza kupimwa kwa binadamu aliye hai.

Mnamo Julai 1924, Berger alifaulu kuunasa kwa mara ya kwanza kutoka kwa kijana wa miaka 17 aliyekuwa akifanyiwa upasuaji wa fuvu. Umeme wenyewe ulikuwa hafifu mno, sehemu chache tu za milioni moja za volti. Kifaa chake kiliandika mtikisiko huo kwa mwale wa mwanga juu ya karatasi ya picha.

Badala ya kukimbilia kutangaza, alinyamaza kwa miaka mitano. Alihofia kwamba pengine alichokuwa akikipima ni mapigo ya moyo, misuli ya uso au ngozi ya kichwa. Alirudia vipimo mara nyingi, wakiwemo watoto wake mwenyewe, akiondoa shaka moja baada ya nyingine.

Wimbi kubwa la polepole, lile la mara 10 kwa sekunde, aliliita alfa. Wimbi dogo la kasi zaidi, linaloonekana mtu anapokuwa macho na makini, aliliita beta. Aidha, aligundua kwamba alfa hupungua si kwa kufumbua macho tu, bali hata mtu anapoguswa au anapopewa hesabu ya kufanya kichwani.

Wanasayansi wengi waliipuuza ripoti yake. Wakati huo iliaminika kwamba mamilioni ya seli za ubongo hufanya kazi kila moja kivyake, na kwamba haiwezekani zikapiga mdundo mmoja kama waimbaji wa kwaya.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1934. Edgar Adrian wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, aliyekuwa ameshinda Tuzo ya Nobel miaka miwili awali, alirudia majaribio hayo pamoja na mwenzake Bryan Matthews. Adrian alijitumia mwenyewe kama mpimwa, na wimbi likatokea vile vile Berger alivyoeleza. Waliuita "mdundo wa Berger", na wakaonyesha kuwa unatoka sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona.

Lakini mdundo huo una kazi gani? Kwa miongo mingi jibu lilikuwa kwamba ni dalili ya ubongo uliopumzika, mithili ya gari lililowashwa injini bila kuondoka. Uchunguzi wa baadaye umeitilia shaka fikra hiyo.

Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2000 nchini Marekani, watu waliambiwa wakodolee macho mahali pamoja huku wakisubiri kitu kitokee upande mmoja. Kabla hata kitu hicho hakijatokea, alfa ilizidi nguvu katika sehemu ya ubongo inayopokea habari za upande ambao hawakutakiwa kuuzingatia.

Kwa maelezo hayo, alfa ni kama bawabu. Hailali mlangoni, bali huzuia habari zisizohitajika ili zinazohitajika zipite. Mtu aliye katika kituo cha magari chenye makelele humsikiliza mwenzake anayezungumza naye kwa sababu ubongo huchagua cha kupokea na cha kuacha. Wanasayansi wengi sasa wanaamini kwamba midundo ya aina hii inachangia uchaguzi huo, ingawa mjadala kuhusu namna inavyofanya hivyo haujaisha.

Manufaa ya haraka zaidi ya kazi ya Berger yalionekana kwa wagonjwa. Mwaka wa 1935, watafiti wa Boston, Marekani, walieleza kwamba mtoto mwenye aina ya kifafa inayomfanya aduwae kwa sekunde chache huonyesha mawimbi makubwa yenye ncha, yanayojirudia mara tatu kwa sekunde.

Ugonjwa ambao kwa karne nyingi ulidhaniwa kuwa pepo au laana ukaonekana kwenye karatasi kama hitilafu ya umeme wa ubongo. Huku Afrika Mashariki, ambako wapo wanaoendelea kuuhusisha na uchawi, kipimo hicho kimetumiwa pia na watafiti wa kifafa, wakiwemo wa Kilifi katika pwani ya Kenya. Hata hivyo, madaktari huonya kwamba kipimo kisicho na kasoro hakimaanishi kuwa mtu hana kifafa, kwani hitilafu huenda isijitokeze wakati anapopimwa.

Maisha ya Berger yana doa ambalo haliwezi kufichwa. Sheria iliyopitishwa na utawala wa Nazi mwaka wa 1933 iliruhusu watu waliodaiwa kuwa na magonjwa ya kurithi kuhasiwa kwa lazima, na kifafa cha kurithi kilitajwa katika orodha hiyo. Berger alishiriki katika mahakama iliyoamua kesi za aina hiyo mjini Jena. Hivyo, mtu aliyewapa wagonjwa wa kifafa chombo cha kueleweka alikuwa pia sehemu ya mfumo uliowanyima haki ya kuzaa.

Alistaafu mwaka wa 1938. Akiwa na afya mbovu na huzuni kubwa, alijiua Juni 1, 1941, akiwa na umri wa miaka 68.

Nguvu ya fikira aliyoitafuta tangu ujana wake hakuipata. Alichokipata ni njia ya kuufuatilia ubongo wa mtu aliye hai bila kulipasua fuvu, na kila siku mahali pengi duniani mgonjwa huvishwa nyaya kichwani, kisha huambiwa afumbe macho na kuyafumbua, ili daktari atazame kama mdundo ule wa Jena unakuja na kuondoka inavyopaswa.